Bonde la Bi Hana

Mimi si mtu wa ndoto, wasomaji wangu. Nikilala huwa nalala kama gogo, na nikiamka sina la kusimulia ila shingo inayouma. Lakini ndoto hii ilinijia Ijumaa moja mchana kweupe, nikiwa nimelalia meza ya chakula, shavu juu ya barua mbili, na nimeona nisipoisema itanikaa kooni kama mwiba wa samaki. Kwa hiyo naisema. Atakayecheka na acheke, maana hata mimi sehemu nyingine nilicheka.

Siku yenyewe iliamka vibaya. Mimi ni fundi wa mashine za hospitali, zile za kusukuma hewa ya oksijeni, za kupima mapigo ya moyo, za kuwatunzia joto watoto waliozaliwa kabla ya siku zao. Mkataba wangu ulikuwa umekwisha wiki hiyo, na kwa bahati ambayo wengine huililia nilikuwa nimepata kazi mbili kwa mpigo, zote za mshahara mnono, tena mishahara iliyotofautiana kwa bei ya kiberiti. Kampuni moja ilitaka niwe mtaalamu wa mitambo: nikae nyumbani kwangu hapa Morogoro, nizitazame mashine za hospitali saba kwenye kompyuta, na mojawapo ikileta shida yoyote niitibu kwa mbali bila kuigusa. Kampuni ya pili ilitaka nisiguse mashine kabisa, niwe meneja wa mauzo: nivae vizuri, nisafiri, nizungumze na wakubwa mpaka wanunue. Mashine ni zile zile. Upande mmoja uziponye, upande mwingine uzisifie. Na wote walitaka jibu kabla ya saa kumi na moja jioni ile.

Nilimpigia kaka yangu Mbaruku, mtoto wa mama mkubwa, akanijibu bila hata kusalimia. "Dada, chukua ya ufundi. Maneno matupu hayavunji mfupa. Maneno kila mtu anayo, ujuzi wa mikono unao wewe." Nikampigia Adela, niliyefanya naye kazi miaka sita, naye akaguna. "Shoga, fundi huzeeka na spana mkononi. Nani umemwona amejenga ghorofa kwa kukaza skrubu? Maneno mazuri humtoa nyoka pangoni, sembuse hela kwa mkurugenzi. Ila amua leo, njia mbili zilimshinda fisi." Nikachora mstari katikati ya karatasi, huku ufundi, huku maneno, nikajaza kila upande. Usafiri, bima, kupanda cheo, likizo. Pande zote mbili zilijaa vizuri, na nilipomaliza nilijikuta nalia, wala sikujua nalilia upande upi.

Lazima niseme na hili, ingawa sipendi kulisema. Nyumba hii nilikuwa nikiishi na mama yangu, na mama alikuwa amefariki miezi saba iliyopita. Alinizaa akiwa na miaka arobaini, watu wamekwisha kata tamaa, ndiyo maana akaniita Sikudhani. Alinisomesha kwa karai moja. Kila siku alasiri alikaa pale kona mbele ya nyumba yetu akikaanga mihogo na kachori, na kila nilipotoka kazini, kabla sijamfikia, alikuwa akisema kutoka ndani ya moshi, "Pole na kazi, mwanangu." Mimi niliyekuwa nimetoka kwenye chumba chenye kiyoyozi nilimjibu "Mmh," nikaingia ndani. Haya, na siku niliyompeleka hospitali, muuguzi akijaza fomu aliuliza jina, umri, mtaa, kisha akauliza, "Kazi ya mgonjwa?" Nikasema, "Hana." Muuguzi akasita, akamtazama mama aliyelala kitandani, mikono imejaa makovu ya mafuta ya moto. Mama akatabasamu. "Andika alivyosema mtoto," akamwambia, "yeye ndiye msomi." Hakutoka hospitalini. Tangu siku hiyo mimi hupita uchochoro wa nyuma, sipiti tena ile kona.

Basi, nikiwa na barua mbili na karatasi yenye mstari katikati, feni ikizunguka na kelele zake, joto la Morogoro likanilevya, nikainamisha kichwa.

Nilijikuta nimesimama kwenye njia ya udongo mwekundu ambayo haikuwa na alama ya mguu wa mtu yeyote, hata wangu. Mbele yangu palikuwa na vilima viwili vinavyotazamana, kimoja kinameta kama sufuria iliyosuguliwa kwa majivu, cha pili kikitoa mvumo wa sauti nyingi mfano wa ukumbi wa harusi usikiwao kwa mbali, na katikati yake bonde lililofunikwa moshi mwembamba. Pale njia ilipogawanyika alikaa mzee mmoja aliyekonda, bega moja limeshuka kuliko lingine, ameshika mizani na macho yake mekundu kwa kukosa usingizi. Alikuwa akipima mawe mawili yaliyolingana kabisa, anayatoa, anayabadilisha upande, anayapima tena. Alijitambulisha kuwa yeye ni Kulinganisha, na kwamba hakuna apitaye bila kuandikwa.

"Jina?"

"Sikudhani."

"Hukudhani nini?"

"Ndilo jina langu."

"Kila anayefika hapa hakudhani," akasema kwa uchovu, akaandika. "Kilima kipi?"

"Ndilo nililokuja kuuliza."

"Basi kaa hapa nikupe mawe na wewe upime. Mimi nina miaka thelathini napima." Na kweli alinipa mawe mawili, nami nikayapokea, na ningekuwa nayapima mpaka leo kama mkono wa mtu haukunigusa begani. Nilipogeuka niliona mwanamke mrefu mkimya, amevaa nguo isiyo na rangi yoyote, na uso wake niliujua ila sikukumbuka niliuona wapi.

"Unanisahau vipi?" akaniuliza. Sauti yake haikuwa ya ugomvi. "Mimi ni Upweke. Miezi saba tumekaa nyumba moja, mimi na wewe, tumekula sahani moja, na hujanikaribisha hata kiti. Lakini sina kinyongo. Watu wengi hunikimbia wakidhani nimekuja kuwaumiza, na mimi kazi yangu ni kuwaonyesha njia. Weka chini hayo mawe. Twende nikutembeze vilima vyote viwili, na sitakuambia uchague kipi." Nikaona aibu, nikamshika mkono, nao ulikuwa wa baridi, ila haukuniumiza.

Tulianza na Kilima cha Vyuma. Kilijengwa vyumba vya vioo kimoja juu ya kingine kama sega la nyuki, na ndani ya kila chumba mtu mmoja na mtambo wake, na mitambo ilikuwa mizuri, nasema kweli, mizuri kiasi kwamba moyo wangu ulinidunda kama wa msichana anayechumbiwa. Hapakuwa na uchafu, hapakuwa na kelele, hapakuwa na mtu wa kukuomba ujieleze. Mwenye kilima alikuwa bibi mmoja mwenye kucha fupi na macho yasiyopepesa, jina lake Umakini, naye alinikaribisha kwa kunikabidhi bisibisi. "Hapa jambo ama limekaa ama halijakaa," akaniambia. "Hatusifiani na hatudanganyani. Ukikosea, kosa litakwambia lenyewe. Mtu aliyechoshwa na unafiki wa watu huja kwangu akapumzika." Maneno yale yaliniingia, kwa sababu ni kweli, na kwa sababu ndiyo yaliyonifanya niupende ufundi tangu nikiwa mdogo nafungua redio ya marehemu baba.

Akaniingiza kwenye chumba kilichokuwa wazi. Pampu moja ilikuwa ikitoa mluzi, na masikio yangu yakaujua: valvu imechoka. Sijui nilifanya kazi muda gani. Mikono yangu ilikuwa na furaha, na mluzi ulipokatika, mtambo ukaanza kuhema taratibu, mpole, nikaruka kama afanyavyo fundi yeyote duniani, nikapiga kelele, "Imekubali!"

Hakuna aliyegeuka. Niligonga kioo cha kushoto, jamaa aliyekuwa ndani akaendelea kutazama mtambo wake. Niligonga cha kulia. Nikapaza sauti tena, "Jamani, imekubali!" na sauti yangu ikarudi ikanipiga usoni. Umakini alikuwa amesimama mlangoni akishangaa. "Mtambo umekubali," akasema. "Unataka nani mwingine akubali?" Hakusema kwa ubaya. Hakuelewa tu. Kutoka juu ya dari ikashuka ngazi ndogo ya sarafu za fedha, ujira wangu, mwingi kupita nilivyotarajia, nami nilikaa chini kando yake nikiwa sina wa kumwonyesha.

Upweke akanitoa. "Umeona uzuri wake," akasema tulipokuwa tukishuka, "na usiuseme vibaya. Bibi yule amewaponya wengi wasiomjua hata jina. Lakini yeye anajua kitu kikikaa sawa, hajui mtu akikaa peke yake."

Kilima cha Ndimi kilitupokea kabla hatujakifikia. Watu walitujia mikono imefunguliwa, karibuni, karibuni wapendwa, mmependeza, mmetokea wapi, mlikuwa wapi siku zote, na kabla sijajibu swali moja wamekwisha uliza la pili. Baada ya ukimya wa vile vioo nilihisi kama nimemwagiwa maji ya moto wakati wa baridi. Mwenyeji wao, Bwana Ufasaha, alikuwa mtu mzuri wa sura, na sauti yake ingeweza kumbembeleza mtoto mwenye chango akalala. "Dada Sikudhani," akaniambia, akilitamka jina langu vizuri kuliko nilivyowahi kulisikia, "kitu kizuri kisipopata msemaji ni kama taa chini ya pishi. Wenzako kule wanatengeneza, lakini mgonjwa hafikiwi na mashine mpaka mtu amemshawishi mtu. Neno ndilo linalovusha." Na hilo pia lilikuwa kweli. Ninawasihi msifikiri nilikutana na waongo tu kule, ingawa walikuwapo, na wawili walikwisha kunipaka mafuta kwa mgongo wa chupa kabla sijakaa.

Akanipandisha jukwaani. Niliogopa, lakini ulimi ulifunguka wenyewe. Nikawaeleza habari ya mtoto njiti na kile kisanduku cha joto, jinsi taa yake ndogo ya kijani inavyowaka, na umati ukanisikiliza, ukapumua pamoja nami, na nilipomaliza ukapiga makofi mpaka kilima kikatikisika. Sijawahi kupigiwa makofi maishani mwangu. Nikatazama nyuso zile zote zilizonielekea, nikaona hawa ndio watu, hawa ndio wa kuwaambia, na maneno yakanitoka bila kupangwa. "Mama yangu amefariki," nikasema.

Wakapiga makofi.

Walipiga makofi yale yale, na tabasamu zile zile, na mmoja wa mbele akasema kwa sauti, "Vizuri sana! Imegusa!" Nikatafuta mtu mmoja tu ambaye mikono yake imetulia, nikamwona Upweke peke yake kule nyuma, amesimama kwa kuwa hakuna aliyempa kiti. Nilishuka nikamkimbilia. Ngazi ya fedha ilikuwa imeshuka na huku, sawa kabisa na ile ya kwanza.

"Sasa nimeona vyote," nikamwambia nikilia, nikijipangusa kwa upande wa khanga. "Huku sikusikiwa, huku nimesikiwa nisieleweke. Kwa hiyo nikuchague wewe, si ndiyo? Ndiyo maana ya kunitembeza?"

"Hapana," Upweke akasema. "Mimi ni mgeni, wala si mwenyeji wa mtu. Umeniuliza habari za vilima, nimekupeleka vilimani. Hukuuliza habari za bonde."

Ndipo nikaona kitu ambacho sikukiona tulipokuwa tukipanda. Kutoka Kilima cha Vyuma na kutoka Kilima cha Ndimi, kamba zilikuwa zimening'inia kwa mamia, na mwisho wa kila kamba kapu. Makapu yalishuka matupu ndani ya moshi na kupanda yamejaa chakula cha moto, na waliokuwa juu walikula huku wakifanya kazi zao bila kuangalia chini. Hakuna kamba iliyokuwa na ngazi. Hakuna mtu aliyeshuka.

"Nani anapika?" nikauliza.

"Anaitwa Hana."

"Hana nini?"

"Hana. Ndilo jina lake. Ndivyo alivyoandikwa katika daftari la kule njiani, na mwandiko ni wako."

Niliteremka ule mteremko nusu natambaa, moshi ukinichoma macho, harufu ya mihogo na pilipili ikinijaa puani, na katikati ya bonde nikaona karai juu ya mafiga, na mgongo wa mwanamke aliyeinama. Niliujua ule mgongo. Niliijua ile khanga iliyopauka upande mmoja kwa kukaa kila siku upande wa jua. Kabla sijamfikia, bila kugeuka, akasema, "Pole na kazi, mwanangu."

Nikafungua mdomo. Nilitaka kusema maneno machache tu, maneno ambayo kila mtoto wa mtaani anayajua, nshapoa mama, pole na wewe. Ulimi ukasema, "Taarifa imepokelewa." Nikashtuka, nikajikaza, nikajaribu tena, na safari hii nikasikia sauti yangu tamu ya jukwaani ikisema, "Tunathamini sana mchango wako." Mgongo ule haukutikisika. Mkono wenye makovu uligeuza kachori, ukajaza kapu, kapu likapanda. Nikalia kwa sauti. "Upweke, nisaidie! Ulimi wangu umeharibika!"

Upweke aliinama karibu na sikio langu. "Haujaharibika. Hujautumia. Vilima vyote viwili vinalipa, Sikudhani, na mshahara si dhambi, na hakuna atakayekuhukumu kwa kupanda huku au kule. Lakini kila anayefanya kazi anahitaji mmoja anayempa pole, na mmoja ambaye yeye humpa pole. Ukikosa wa kwanza, mimi huingia nyumbani kwako kwa mlango. Ukimnyima wa pili, mimi hujenga humo humo. Jaribu tena. Anza na neno dogo."

"Pole," nikasema. Neno lilitoka zito kama jiwe linalong'olewa. "Pole na..." Mwanamke aliweka chini kijiti cha kugeuzia. Bega lake likaanza kugeuka, nikaona ncha ya sikio, hereni ndogo, upande wa shavu.

Nikaamka.

Feni ilikuwa imezimika, umeme umekatika. Barua zilikuwa zimelowa chini ya shavu langu, na wino wa mshahara mmoja umevuja ukaingia kwenye mwingine. Adhana ya alasiri ilikuwa ikimalizika. Harufu ya mihogo haikuisha na ndoto, maana ilikuwa ya kweli, ikiingia dirishani kutoka kona: tangu mama afariki, karai lake na mahali pake alichukua rafiki yake Bi Siwema, waliyekuwa wakikaa pamoja miaka yote. Kwa miezi saba nilikuwa nafunga dirisha lile kila ikifika saa tisa nami nipo nyumbani. Siku hiyo usingizi ulinishika kabla sijalifunga.

Nilikaa kwa muda nikijipangusa. Nilifahamu, kidogo kidogo, kama mtu anayezoea giza, kwamba lile nililomwambia muuguzi aandike kwenye fomu sikulisema kwa haraka. Niliamini. Niliamini kazi ni ile yenye barua. Na ndiyo sababu karatasi yangu yenye mstari ilijaa pande zote mbili na mimi nikalia, kwa kuwa nililinganisha kila kitu isipokuwa nani atakuwapo pale nitakaposema imekubali. Napenda mashine, hilo sikuhitaji ndoto kulijua. Basi nikachukua simu, nikaiandikia kampuni ya kwanza kwamba naikubali kazi yao ila sitaifanyia nyumbani. Naomba meza, hata ndogo, ndani ya mojawapo ya zile hospitali saba, penye mashine na wauguzi. Wakikataa, nitatafuta nyingine. Kampuni ya pili nikaishukuru. Ilikuwa saa kumi na dakika kumi.

Kisha nikavaa kandambili, nikafungua mlango wa mbele.

Bi Siwema alikuwa ameinama kwenye moshi. Kando yake palikuwa na vigoda viwili, kimoja amekikalia, cha pili kitupu, kimefutwa vumbi. Nilisimama hatua tatu kutoka kwake nikiogopa kwamba ulimi utasema lile la ndotoni.

"Pole na kazi, Bi Siwema."

Aliinua kichwa. Alinitazama, kijiti mkononi, mafuta yakichemka.

"Nshapoa, mwanangu," akasema. "Hiyo ni ya kwangu. Subiri, usiende." Akageuza muhogo mmoja, akageuza wa pili, kwa taratibu ya mtu anayetafuta namna ya kusema jambo alilolitunza siku nyingi. "Mama'ako alinambia kulekule wodini. Akasema, Siwema, huyu mtoto kazi yao inawachosha vichwa, hawakumbuki kutoa pole. Lakini atakuja kukumbuka. Siku akikumbuka mimi sipo, uniitikie." Akaniangalia. "Nshapoa, mwanangu. Hiyo ndo ya mama'ako."

Akakisukuma kile kigoda kwa mguu, nikakaa, akaniwekea beseni la mihogo mapajani na kisu juu yake.

"Menya," akasema. "Ila vidole hivyo vya kompyuta, angalia usijikate."